Ukitoka, Toka na Chombo

Mtaani kwetu, Dar es Salaam, siku huanza kwa harufu. Kabla chai haijanukia, hunuka nailoni. Mtu anataka kuwasha jiko la mkaa, mafuta ya taa hana, karatasi kavu hakuna. Anaokota kipande cha mfuko au kifuniko cha chupa, anakitia kiberiti, na matone yake ya moto yanadondokea mkaa mpaka ushike. Moshi mweusi unapanda dirishani, mtoto aliye mgongoni anakohoa, kisha jiko linakolea na hakuna anayekumbuka tena. Kesho inakuwa vilevile.

Nimefuatilia habari za taka za majumbani kwa miaka mingi, na bado harufu ile hunisimamisha. Ndani yake mna hadithi nzima ya plastiki katika nyumba zetu: iliingia bure, ikatumika kwa dakika chache, ikakosa pa kwenda, mwisho tukaivuta kwa pua zetu wenyewe. Watu wengi wakizungumzia kupunguza plastiki huanza na pipa: litengwe, lipakwe rangi, liandikwe. Mimi nimefikia kuamini kwamba tukifika kwenye pipa tumeshachelewa. Taka ya plastiki huzaliwa dukani, gengeni na kwenye shughuli, dakika ile mtu anapofika mikono mitupu na kuomba afungiwe. Anayetaka kuipunguza aanzie hapo. Akitoka, atoke na chombo.

Kwa nini pipa limechelewa

Mwaka 2017 watafiti Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walichapisha hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa duniani tangu mwaka 1950 hadi 2015. Walipata tani bilioni 8.3. Kati ya hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa zimeshageuka taka. Taka iliyorejelezwa ilikuwa asilimia 9 tu; asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 iliachwa kwenye majalala au ikazagaa ardhini na majini. Huo ni wastani wa dunia, ukijumlisha nchi zenye magari ya taka kila mtaa na viwanda vya kisasa vya kurejeleza.

Sababu ya urejelezaji kwenda polepole hivyo utaiona jikoni kwako. Geuza chupa ya maji utazame chini: kuna pembetatu yenye namba 1. Dumu la mafuta mara nyingi lina namba 2. Ndoo na vifuniko vingi ni namba 5, na lile boksi jeupe jepesi la kubebea chakula ni namba 6. Sisi tunaziita zote plastiki, lakini kila moja ina kemia yake, na ukiziyeyusha pamoja unapata kitu dhaifu ambacho hakuna kiwanda kitakachokitaka. Vile vifuko vidogo vya sabuni, maziwa ya unga na viungo vina shida zaidi. Vingi ni tabaka za plastiki za aina tofauti, pengine na alumini katikati, zilizogandishwa pamoja. Kuzitenganisha kunagharimu kuliko thamani yake. Ongeza mafuta, mchuzi na mchanga, utaelewa kwa nini mwokota makopo hupita juu ya vifuko hivyo bila hata kuinama.

Lamu kuna chombo kinachopaswa kutazamwa na kila mtu wa pwani: jahazi la Flipflopi, lililoundwa chini ya fundi Ali Skanda kwa tani 10 hivi za taka za plastiki na kupambwa kwa maelfu ya ndala zilizookotwa. Liliteremshwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Naliheshimu sana jahazi lile kwa sababu limewafanya watu waione taka waliyokuwa wameizoea. Lakini kuunda jahazi moja kulihitaji miaka ya jasho la mafundi hodari. Hakuna karakana itakayounda majahazi kwa kasi ya mkono wa muuza duka anayechana kifuko na kukufungia nyanya.

Na kisichookotwa hakibaki pale kilipotupwa. Mvua ya masika ikinyesha, mitaro hubeba chupa na nailoni mpaka kwenye kalavati, kalavati huziba, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa sebule ya mtu. Wakazi wa bonde la mto Msimbazi, hapa jijini, hawahitaji mtaalamu wa kuwaeleza hilo.

Mwezi Juni 2019 ulitufundisha nini

Tunajua mazoea yanaweza kubadilika, maana yalishabadilika mbele ya macho yetu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ilifuata mwaka 2008, na Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali kuliko za majirani wote. Tanzania Bara ilifikia tarehe 1 Juni 2019. Kabla ya siku hiyo wengi waliuliza watu watabebea nini. Ndani ya wiki chache vikapu vilirudi begani, na mifuko mipya ikaanza kuning'inia mlangoni mwa kila duka. Hakuna aliyepata shahada ya mazingira katika wiki zile. Kilichobadilika ni kwamba mfuko haukutolewa tena bila kuulizwa, na anayeondoka nyumbani akalazimika kujiuliza atarudi na mzigo wake vipi.

Somo la pili halipendezi sana. Ile nailoni nyepesi inayong'aa, iliyoruhusiwa kama kifungashio cha bidhaa, taratibu iligeuzwa kuwa kibebeo. Nyanya, dagaa, vitunguu na chipsi vikaanza kufungwa humo, hadi serikali ikalazimika mwaka 2021 kutoa katazo jipya. Marufuku huziba tundu moja. Kama mtu bado anatoka mikono mitupu, atatafutiwa tundu jingine.

Somo la tatu ni la mfuko mbadala wenyewe. Ule mwepesi wenye sura ya kitambaa, unaouzwa kila kona, wengi huamini ni nguo. Mara nyingi ni polipropilini, yaani plastiki ileile ya namba 5, ambayo nyuzi zake zimegandishwa kwa joto. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa mifuko ya dukani kwa kigezo cha gesi zinazopasha joto dunia. Ili kulingana na mfuko mmoja mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, mfuko wa karatasi ulipaswa kutumika mara 3, wa polipropilini mara 11, na wa pamba mara 131. Hesabu hiyo haikupima mitaro iliyoziba wala ng'ombe waliomeza mifuko, kwa hiyo haituambii turudie ile ya zamani. Inatuambia jambo moja muhimu: mfuko mbadala una maana ukirudi nao dukani. Mwenye mifuko 20 mipya nyuma ya mlango amebadilisha aina ya taka tu. Mfuko bora kwako ni ule ulio nao tayari, na kikapu cha ukindu alichokuachia bibi kinaishinda mifuko yote hiyo.

Kutumwa dukani

Makala nyingi za namna ya kupunguza plastiki huandikwa kwa mtu anayefanya manunuzi mara moja kwa wiki kwa gari. Nyumba nyingi za Uswahilini haziishi hivyo. Kwetu mtoto hutumwa dukani: asubuhi sukari, mchana nyanya na kitunguu, jioni mafuta ya kupima. Safari tatu kwa siku, kila safari kifuko kimoja au viwili. Kwa wiki, nyumba moja imeshaingiza rundo la nailoni bila mtu mzima yeyote kukusudia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoipendekeza ni misumari mitatu nyuma ya mlango. Wa kwanza uning'inize kikapu cha sokoni. Wa pili uning'inize mfuko mdogo wa kitambaa kwa ajili ya sukari, unga na maharage. Fundi cherehani yeyote ataushona kwa vipande vya kanga iliyochakaa. Wa tatu ufungiwe kamba yenye chupa ya mafuta. Mtoto akitumwa, anapewa hela na chombo pamoja. Ndani ya mwezi atakuwa anachukua mwenyewe bila kuambiwa, na hapo ndipo utajua jambo limekuwa mazoea.

Chupa ya mafuta ina masharti yake. Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha ikauke kabisa, kwa maana maji yaliyobaki chini huyaharibu mafuta na kuyafanya yanuke. Ikiwa ni ya kioo ni bora zaidi, haishiki harufu. Wala usimpe mtoto chupa au dumu lililowahi kuwa na dawa ya wadudu, hata likiwa limesuguliwa namna gani. Hilo halifai kwa chakula milele.

Buchani na kwa muuza samaki peleka bakuli lenye mfuniko au ndoo ndogo. Siku ya kwanza muuzaji atashangaa, siku ya pili atazoea, na siku ya tatu atakuwa anakipima chombo chako kwanza ili akitoe kwenye uzito. Kwa chipsi, maandazi na vitumbua, toka na hotpoti. Hapa sababu haiishii kwenye taka: chipsi zinapotiwa ndani ya nailoni zikiwa bado zinachuruzika mafuta ya moto, joto na mafuta hayo ndiyo hasa yanayorahisisha kemikali za plastiki kuhamia kwenye chakula. Hotpoti inaokoa mtaro na tumbo kwa safari moja.

Wanaodhani haya ni mambo ya kigeni wakumbuke pishi na kibaba. Biashara ya nafaka ya pwani iliendeshwa kwa vipimo hivyo, vibaba vinne kwa pishi, na mnunuzi alifika na kapu lake. Methali ya haba na haba imejengwa juu ya kibaba hicho. Plastiki ilishinda kwa sababu ilituruhusu kusahau chombo nyumbani. Tukikikumbuka, sehemu kubwa ya nguvu yake imekwisha.

Maji na shughuli

Mlango mwingine ni maji. Sitamlaumu anayenunua chupa kwa kuogopa maji ya bomba, kipindupindu tunakijua. Lakini nyumbani tuna njia iliyothibitishwa: chemsha maji mpaka yatokote vizuri, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, yahamishie kwenye mtungi au ndoo yenye bomba. Mtungi wa udongo huyapoza maji bila umeme, kwa kuwa yanayopenya kwenye ukuta wake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Kila mtu wa nyumbani akiwa na chupa yake imara ya kutembea nayo, chupa za kununua zinabaki kwa safari na dharura.

Penye hasara kubwa zaidi ni kwenye shughuli. Katika vikao vya harusi, harusi zenyewe, maulidi, vipaimara na misiba siku hizi tunapima heshima ya mwenyeji kwa katoni za maji ya chupa ndogo. Nimekaa misibani nikaona chupa zilizonywewa nusu zikiachwa chini ya kila kiti, na jioni vijana wakizikusanya pamoja na maboksi meupe ya pilau na kuyachoma nyuma ya nyumba. Tumemzika mtu wetu kwa heshima, kisha tukawapa majirani zake moshi wa sumu.

Hili lina dawa, na ipo kwenye kamati. Kila kamati ya shughuli ina mtu wa chakula na mtu wa viti. Iwe na mtu wa vyombo. Sahani, bilauri na vijiko vya kukodi vipo karibu kila mtaa, na misikiti, makanisa na vikundi vingi vya akina mama vina seti zao. Weka ndoo mbili za maji zenye bomba, bilauri safi juu ya sinia, na kijana wa kuosha ambaye analipwa. Katika shughuli ya watu mia mbili, uamuzi huo mmoja wa kikao huzuia taka nyingi kuliko nyumba yako itakavyozuia kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana, kama una nguvu ya kubadilisha jambo moja tu mwaka huu, ningekushauri ulisemee kwenye kikao cha kamati.

Kifuko kidogo na mfuko mdogo

Kuna ushauri unaorudiwa kila mahali: nunua kwa wingi, utapunguza vifungashio. Ni wa kweli, na pia humkosea adabu mtu anayelipwa kwa siku. Mama anayenunua kifuko kimoja cha sabuni ya unga anajua kwamba kwa gramu analipa zaidi ya anayenunua kilo. Hana hela ya kilo mkononi leo. Umaskini humtoza bei kubwa kisha humwachia na taka.

Lakini tayari tunao upatu na vikoba. Wanawake kumi wanaoaminiana kwa fedha wanaweza kuaminiana kwa dumu. Mara moja kwa mwezi sehemu ya mchezo inunue dumu la lita 20 la mafuta na gunia la mchele kwa bei ya jumla, kisha kila mmoja apimiwe kwenye chombo chake. Sabuni ya maji inayotengenezwa na vikundi vya mitaani inauzwa hivyohivyo: rudi na chupa yako ujaziwe. Na pale inapowezekana, mche wa sabuni unafulia vizuri kama sabuni ya unga, na hauachi kifuko nyuma.

Kuhusu nepi nitasema kwa uangalifu. Nepi ya kutupa ni plastiki pia, na ni miongoni mwa taka ngumu kabisa kushughulikia, kwa kuwa hakuna anayeinunua wala anayetaka kuigusa. Winda la kitambaa lililea vizazi. Ila winda hufuliwa, na kwenye mtaa ambao maji huja mara mbili kwa wiki, anayefua ni mama. Nyumba nyingi zinaweza kukubaliana: winda mchana mtoto akiwa nyumbani, nepi usiku na safarini. Na baba ajue kufua na kuanika. Njia ya kupunguza plastiki inayomwongezea mzigo mtu mmoja haidumu, na wala haistahili kudumu.

Ile isiyokwepeka

Baada ya yote hayo, plastiki fulani bado itaingia. Hapo ndipo pipa linapata kazi yake, na kazi hiyo ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Weka kiroba kimoja pembeni kwa ajili ya vitu vyenye mnunuzi: chupa za maji na soda, madumu, ndoo na mabeseni yaliyopasuka. Suuza, kausha, ponda chupa zipungue ukubwa. Kisha mfahamu mwokota makopo anayepita mtaani kwako, mpe salamu, umkabidhi mkononi. Mtu huyu ndiye nguzo ya urejelezaji wa miji yetu. Anayemlazimisha kuchakura kiroba chenye nyembe na nepi ili apate chupa tano anamdhulumu, na anaipunguzia thamani mali ileile aliyoifuata.

Vifuko laini visivyo na mnunuzi vikauke na viende kwa mzoa taka. Visiende jikoni. Plastiki inayochomwa kwenye moto mdogo wa wazi haiungui kikamilifu. Hutoa masizi na gesi zenye sumu, na zile zenye klorini, kama mabomba na baadhi ya ngozi za bandia, zinaweza kutoa dioksini, kundi la kemikali zinazohusishwa na saratani na zinazokaa mwilini kwa miaka. Kwa kuwashia mkaa tuna vitu tele: makumbi na vifuu vya nazi, magunzi ya mahindi, randa za seremala, na maganda ya chungwa yaliyokauka, ambayo mafuta yake ya asili hushika moto haraka na kuacha harufu nzuri. Kusanya maganda ya wiki kwenye bati juani. Asubuhi yako itanukia vingine.

Sehemu ya wengine

Sitaki mtu amalize kusoma akidhani bahari ya Hindi inasubiri hotpoti yake tu. Anayetengeneza kifuko kisichorejelezeka amefanya uamuzi mkubwa kuliko wa mtoto aliyetumwa kukinunua. Kenya iliweka katika sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 kanuni ya kumwajibisha mzalishaji kwa kifungashio chake hata baada ya kuuzwa, na ni njia ambayo nchi zetu zote zinapaswa kuitembea kwa dhati. Mwaka huohuo, mwezi Machi, mataifa yalikubaliana jijini Nairobi kuandaa mkataba wa dunia kuhusu plastiki. Mazungumzo ya Busan mwishoni mwa 2024 hayakukamilisha kazi, na ya Geneva ya Agosti 2025 yalivunjika bila makubaliano. Ugomvi mkubwa ulikuwa kama dunia ipunguze uzalishaji wenyewe au ishughulikie taka tu.

Angalia ugomvi huo, utaona ni uleule wa nyumbani kwetu: tuanzie kwenye pipa au tuanzie mlangoni? Wakubwa wa dunia bado wanavutana. Sisi hatuna sababu ya kuwasubiri. Diwani anapokuja kuomba kura, tumuulize gari la taka linapita lini. Wenye viwanda tuwadai vifungashio vinavyorudishwa. Na kesho asubuhi, mtoto akitumwa mafuta, mama ampe hela mkono wa kulia na chupa mkono wa kushoto, amwambie asiidondoshe, maana kesho kutwa ataihitaji tena.